Tone la Manjano

Walikutoa wiki ya ishirini na nane,
gramu elfu moja na arobaini:
mkate mmoja na chumvi ya kulia.
Nje, Yakutsk ilikuwa hasi hamsini,
pumzi za watu zimesimama barabarani
kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.
Jua lilichungulia saa nne,
likaaga saa tisa,
halikumpasha mtu.

“Miezi mitatu ya mwisho ndiyo mama hugawa,”
alisema daktari Varvara Yegorovna
huku akiandika, bila kuniangalia.
Chokaa ya mifupa, chuma cha damu,
akiba ya vitamini ya kuanzia maisha.
Wewe ulitoka kabla ya mgao,
mgeni aliyeamka alfajiri
asingoje hata chai.

Basi tukaanza kulipa deni kwa tone.

Dang'a kwanza, nukta mbili rangi ya siagi,
ukapakwa kwa pamba ndani ya shavu.
Kisha mililita moja kila saa tatu,
mrija puani, bomba la sindano limeinuliwa juu,
maziwa yakishuka yenyewe, polepole,
nami nikiyasindikiza kwa macho
kana kwamba yangeweza kupotea njia.

Bibi yako Matryona alivuka mto Lena kwa lori, juu ya barafu,
na ini la mwanafarasi, gumu kama jiwe.
“Kula wewe, naye atakula.”
Nililikata vipande vyembamba, nikachovya chumvi,
nikala likiwa bado limeganda, meno yakilia.
Alikuja pia na kichupa cha mafuta ya dubu,
akupake kidogo tu kwenye ufizi.
Varvara akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima,
akakiweka mbali nawe.
“Huyu hatumhesabii kwa vijiko, mama.
Tunamhesabia kwa matone,
na tone likizidi huwa sumu.”

Siku ya kumi na moja tumbo lako lilivimba, likang'aa.
Wakafunga mrija.

Nilikamua vilevile.
Saa tatu, saa sita, saa tisa, mashine ikinung'unika,
sina wa kumpa.
Nikapanga vichupa katikati ya vioo viwili vya dirisha,
vikaganda humo, kila kimoja na tarehe yake, saa yake, jina.
Jina hukuwa nalo bado. Niliandika langu.
Sardaana, Sardaana, Sardaana,
vichupa thelathini na viwili,
kama barua za mtu anayejiandikia mwenyewe.

Siku ya kumi na tano: mililita moja.
Tukangoja.
Tumbo likanyamaza.
Mbili.

Haba na haba, husema, hujaza kibaba.
Kibaba chako kilikuwa kidogo
kuliko haba za watoto wengine.
Kila asubuhi mizani:
gramu kumi na mbili, zabibu kavu kiganjani.
Kesho yake sita zikapungua,
nikagombana na mizani kama na muuza nyama.
Wakaongeza unga kwenye maziwa yangu,
protini, fosforasi, nisivyoweza kuvitoa mwilini vikatosha,
nikaona wivu, kweli, wivu juu ya unga.

Februari, muuguzi Aiyyna akanipa kidondoshi.
“Leo wewe.”
Vitamini D, kwa mifupa isije ikapinda,
matege yasikungoje mlangoni siku ya kutembea.
Tone likaning'inia, la manjano,
taa ya mashine ikapita katikati yake.
Mkono wangu ulitetemeka kuliko siku ya kukuzaa.
Nikakuita Kunnei, mwenye jua.
Baba yako alitaka jina la mamake;
atangoja wa pili.

Ulilamba, ukakunja uso mzima,
mikunjo ya kizee kwenye paji dogo kuliko stempu.
Kilichobaki kidoleni nikakionja:
mafuta tu, na harufu ya samaki kwa mbali.
Nikaandika saa kwenye kadi.
Kesho, saa ile ile,
moja tena.